Chuma na Jina Lake: Utambuzi wa Vyombo vya Kale vya Metali katika Ardhi ya Keshero na Kandokando ya Ziwa Kivu

1. Utangulizi

Kata ya Keshero iko upande wa magharibi wa mji wa Goma, katika Kivu ya Kaskazini, juu ya mawe meusi ya lava ya kale. Baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002, ambao uliteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji, Goma ilizidi kupanuka kuelekea upande huo, na mahali pengi palipokuwa mashamba pakajengwa nyumba. Kila msingi unaochimbwa na kila shimo la choo linalopasuliwa katika mwamba huo hufunua kitu kilichofichika. Hutoka misumari, ganda la risasi, bamba la jembe, sarafu yenye tundu, au donge zito jeusi ambalo halijulikani kama ni jiwe au ni chuma. Vingi kati ya vitu hivyo huishia katika mizani ya wafanyabiashara wa vyuma chakavu, ambako kila kitu huwa na sifa moja tu, nayo ni uzito.

Makala hii inashughulikia swali linaloonekana dogo: je, mtu anayeshika mkononi kipande cha chuma kilichotoka ardhini anaweza kusema ni kitu gani, ni cha lini, na ni cha nani? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba maswali mawili ya kwanza yana njia zake za kujibiwa, nazo ni kuichunguza ardhi, umbo, alama za kazi na maneno. Swali la tatu, ambalo ndilo huulizwa kwa pupa zaidi katika Kivu, mara nyingi halina jibu katika chuma chenyewe. Na kulijibu kwa nguvu kuna hatari zake.

2. Ardhi na kifaa

Kigunduzi cha metali si chombo cha wanahistoria kwa asili yake. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alijaribu kutumia kifaa cha aina hiyo kuitafuta risasi katika mwili wa Rais Garfield wa Marekani, bila ya kufaulu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, mhandisi wa Kipolandi Józef Kosacki alibuni kigunduzi cha kubebwa mkononi, kilichotumika kutegua mabomu ya ardhini katika mapigano ya El Alamein mwaka 1942. Utendaji wake ni huu: mkondo wa umeme unaobadilika hupitishwa katika mzingo wa waya na kuzalisha uga wa sumaku, uga huo ukikuta metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, nayo hutoa uga wake wenyewe ambao kifaa huupokea na kuugeuza kuwa sauti. Kifaa hakisemi kilichopo chini ni nini. Husema tu kwamba kipo kitu kinachopitisha umeme au chenye sifa za sumaku.

Katika ardhi ya Goma udhaifu huo huzidi. Mawe ya lava yana madini ya chuma ndani yake, na baadhi ya madini hayo yana usumaku. Hivyo kifaa kinaweza kulia juu ya jiwe tupu, au kunyamaza juu ya sarafu iliyofunikwa na kelele za mwamba.

Lakini lava hiyohiyo ina faida kwa mtafiti. Mtiririko wa lava wenye tarehe inayojulikana ni kama ukurasa ulioandikwa mwaka. Lava ya Nyamulagira ya 1938 hadi 1940 ilifika Ziwa Kivu karibu na Sake. Lava za Nyiragongo za tarehe 10 Januari 1977, za 2002 na za tarehe 22 Mei 2021 zinajulikana mipaka yake. Kitu kilicholala juu ya lava ya aina hiyo kiliangukia hapo baada ya mwaka huo. Kilicho chini yake, katika udongo uliofunikwa, kilikuwapo kabla. Kwa sababu hiyo, mtu anayeokota kitu bila ya kuandika kimetoka kina gani, na katika udongo au mawe gani, huharibu nusu ya ushahidi kabla hajaanza kuuliza.

Jambo jingine lazima litajwe kabla ya kuendelea. Kanuni ya kwanza ya utambuzi katika Goma ni ya usalama. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi, na pamoja nao askari wa jeshi lililoshindwa Rwanda, walivuka mpaka. Kambi ya Mugunga ilikuwa magharibi ya mji, nayo ilivunjwa katika vita vya 1996. Mapigano mengine yalifuata, hadi yale ya Januari 2025 ndani na kandokando ya mji wenyewe. Kwa hiyo kipande cha chuma cha mviringo, chenye kutu na uzito usio wa kawaida, huweza kuwa bomu ambalo halijalipuka, na kutu haliondoi baruti iliyomo. Kitu cha namna hiyo hakisafishwi, hakigongwi, wala hakibebwi nyumbani. Huachwa mahali pake, watoto wakaondolewa, na wategua mabomu wakaarifiwa.

3. Umbo na alama za kazi

Ikiwa kitu si cha hatari, uchunguzi huanza kwa mambo manyenyekevu: rangi, uzito, sumaku. Chuma hushikwa na sumaku na hutoa kutu ya rangi ya kahawia. Shaba haishikwi, nayo huvaa ukungu wa kijani. Risasi ni laini, nzito, na huwa na utando wa kijivu au mweupe. Hatua ya pili ni kutafuta alama za mkono au mashine. Bamba la kiwandani lina unene ulio sawa kutoka ncha hadi ncha, na mara nyingi lina chapa. Bamba lililofuliwa huwa nene katikati au penye mkia, hupungua kuelekea makali, na pembe zake za kulia na za kushoto hazilingani kabisa. Jembe la mhunzi wa zamani katika maeneo haya lilikuwa na mkia mrefu uliopenyezwa katika kichwa cha mpini wa mti; majembe mengi ya kiwandani yana tundu au pete ya kupitishia mpini.

Mfano unaofundisha zaidi ni nyundo. Msomi wa leo akisikia neno hilo hufikiria kichwa cha chuma na mpini wa mti. Nyundo ya mhunzi katika nchi za Maziwa Makuu mara nyingi haikuwa na mpini: ilikuwa nondo nzito ya chuma, nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, iliyoshikwa kwa kiganja. Ikichomekwa ardhini kwa ncha yake, iligeuka kuwa fuawe. Mtu asiyejua huiona kuwa kabari au kipande cha mtambo, akaitupa. Hali kadhalika heshima yake husahauliwa. Mwaka 1969, Francis Van Noten alipochimba kaburi la Mfalme Cyirima Rujugira huko Gaseke, Rwanda, nyundo za chuma zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyozikwa pamoja naye. Mfalme huyo hakuzikwa na nyundo kwa kuwa alikuwa fundi wa kila siku. Katika nchi hizi uhunzi na utawala viliambatana katika mawazo ya watu, na nyundo ilikuwa alama ya mamlaka sawa na ngoma.

Donge jeusi lenye vitundu huhitaji maelezo ya peke yake, kwa sababu katika nchi ya volkano hufanana sana na lava. Mavi ya chuma ni mabaki ya uyeyushaji. Katika tanuri la kale, mawe ya chuma na makaa yalichomwa pamoja huku mifuo ikipuliza hewa kupitia mirija ya udongo. Joto lilifika kiasi cha nyuzi 1,100 hadi 1,300 za Selsiasi, ambalo halitoshi kukiyeyusha chuma safi, kwani chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Kilichoyeyuka ni uchafu wa mawe, ukatiririka na kuganda. Chuma kilibaki kama bonge lenye vinyweleo, nalo likapigwa kwa nyundo mpaka likakaza. Mavi ya chuma ni mazito kuliko lava ya ukubwa uleule, huonyesha mikunjo ya mtiririko, na mara nyingine hubeba chapa za makaa au vipande vya mrija wa udongo uliogeuka kama kioo. Penye vitu hivyo vyote pamoja palikuwa na kazi ya chuma, hata kama hakuna jembe hata moja lililobaki.

Kandokando ya Ziwa Kivu ushahidi wa kazi hiyo umejulikana muda mrefu. Jean Hiernaux na Emma Maquet, katika uchunguzi wao uliochapishwa mwaka 1957 na 1960 kuhusu tamaduni za zama za metali katika Ruanda-Urundi na Kivu, waliandika habari za Bishange, upande wa Kivu, pamoja na Ndora na Cyamakuza katika Rwanda, ambako matanuri yaliyojengwa kwa matofali ya udongo yalihusishwa na vyungu vya aina inayoitwa Urewe. Jina hilo ni la mahali katika Kenya ya magharibi, ambako vyungu vya namna hiyo, vyenye kibonyeo kwenye kitako, vilielezwa na Mary Leakey na wenzake mwaka 1948. Utafiti wa baadaye katika Rwanda, Burundi na Buhaya umeonyesha kuwa watu waliotumia vyungu hivyo walikuwa wakiyeyusha chuma katika milenia ya kwanza kabla ya Kristo na karne zilizofuata. Tarehe za mwanzo kabisa zimebishaniwa, kwa sababu makaa hutoa umri wa mti uliochomwa, nao mti huweza kuwa na umri mkubwa kuliko moto wenyewe.

4. Shaba, sarafu na ganda la risasi

Chuma cha kale cha Kivu kilifuliwa karibu, shaba ilisafiri. Katika bonde la Upemba, kusini-mashariki mwa Kongo, makaburi ya Sanga yaliyochimbwa na Jacques Nenquin mwaka 1957 na Hiernaux mwaka 1958, kisha kuchunguzwa upya na Pierre de Maret katika miaka ya 1970, yametoa misalaba midogo ya shaba. De Maret ameonyesha kuwa kadiri karne zilivyopita misalaba hiyo ilipungua ukubwa, ikaongezeka idadi na kulingana zaidi. Mabadiliko hayo yanaeleweka ikiwa kitu kilichokuwa alama ya heshima kilikuja kutumika kama fedha. Fundisho lake kwa mtambuzi ni wazi: kipande kimoja hakitoshi, maana ni mfululizo wa vipande ndio unaoonyesha matumizi. Kwenye Ziwa Kivu lenyewe, David Newbury ameeleza jinsi biashara ya karne ya 19 ilivyotumia pete za nyuzi za mimea zilizovaliwa miguuni, butega, kama kipimo cha thamani. Fedha hiyo haikuacha mlio wowote kwa kigunduzi. Anayetafuta uchumi wa kale kwa metali peke yake ataona upande mmoja tu wa soko.

Sarafu ni shahidi mwepesi kwa kuwa husema tarehe yake. Sarafu za shaba za Dola Huru ya Kongo, zilizoanza kutolewa mwaka 1887, zina tundu katikati na nyota. Upande wa pili wa mpaka, Afrika ya Mashariki ya Kijerumani ilitumia rupia moja yenye pesa 64 hadi 1904, kisha heller 100. Mwaka 1916, Wajerumani walipokatiwa njia ya bahari, sarafu za dharura zilipigwa katika karakana ya reli ya Tabora. Hata hivyo, tarehe iliyo juu ya sarafu ni ya kuzaliwa kwake, siyo ya kupotea kwake. Sarafu ya 1888 huweza kudondoka mwaka 1920.

Ganda la risasi huhitaji rula zaidi ya kumbukumbu. Goma na Gisenyi zilikuwa mstari wa mbele tangu 1914. Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi tarehe 24 Septemba 1914, na majeshi ya Kongo ya Kibelgiji chini ya Jenerali Tombeur yalisonga mbele mwaka 1916, yakaingia Kigali tarehe 6 Mei na Tabora tarehe 19 Septemba. Askari wengi wa Kijerumani walibeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871; askari wengi wa Kongo walibeba Albini ya Kibelgiji. Zote mbili zilikuwa na mdomo wa milimita 11 hivi, na maganda yake ya shaba ya njano hufanana machoni. Lakini ganda la Mauser hiyo lina urefu wa milimita 60, na la Albini milimita 50. Milimita 10 hizo huweza kuonyesha risasi ilitengenezwa kwa bunduki ya upande gani. Haziwezi kuonyesha aliyeifyatua alizungumza lugha gani nyumbani kwao, kwani pande zote mbili zilipigana kwa askari na wapagazi Waafrika walioandikishwa kutoka nchi nyingi.

5. Ushahidi wa maneno

Mwanaisimu ana mchango wake hapa. Majina ya vitu vya metali katika Kiswahili yamegawanyika katika tabaka mbili ambazo zinashabihiana kwa kiasi fulani na tabaka za ardhi. Chuma, nyundo, shoka, jembe, kufua ni maneno ya Kibantu. Shaba, risasi, fedha, msumari, bunduki na baruti yameingia kwa njia ya pwani na biashara ya Bahari ya Hindi. Neno risasi lenyewe ni jina la metali kabla ya kuwa jina la kile kinachotoka katika bunduki.

Tabaka la kwanza huonyesha undugu wa kale. Kiswahili kina chuma, Kinyarwanda icyuma, Kiganda ekyuma. Kiswahili kina shoka, Kinyarwanda ishoka. Pale sauti zinapotofautiana, tofauti zina kanuni: Kiswahili kina kufua na fumo, yaani mkuki wenye bapa pana, Kinyarwanda kina gucura, yaani kufua chuma, na icumu, yaani mkuki. Sauti fu ya lugha moja inalingana na cu ya lugha nyingine katika maneno yote mawili, jambo ambalo haliwezi kuwa bahati. Maneno hayo yalirithiwa na pande zote mbili kutoka chimbuko moja.

Lakini hapa ndipo penye mtego. Kurithi neno si kurithi kitu. De Maret na François Nsuka, katika makala yao ya 1977 kuhusu isimu na historia ya uhunzi wa Kibantu, walionya kuwa mashina mengi yanayotajwa yamebadilika maana. Shina linalotoa neno la Kinyarwanda ubutare, mawe ya chuma, ndilo linalotoa urutare, mwamba. Jembe la Kiswahili lina uhusiano na wembe, nao wembe ni urwembe katika Kinyarwanda. Kinachounganisha maneno hayo ni wazo la bapa lenye makali, wala si chuma kama metali. Kufua nako kwa Kiswahili ni kwa chuma na kwa nguo: maana ya msingi ni kupiga, na watu walijua kupiga kabla hawajajua chuma. Neno la kale linaweza, basi, kuwa lilihamia kwenye kitu kipya. Ushahidi wa lugha huimarika pale tu unapokutana na ushahidi wa tanuri.

6. Swali la mwenye chuma

Katika nchi nyingine kosa la utambuzi huishia katika kibandiko kibaya cha makumbusho. Katika Kivu ya Kaskazini huweza kufika mbali zaidi. Sheria ya uraia ya tarehe 29 Juni 1981 ilifunga uraia wa asili na makabila yaliyokuwa katika nchi kufikia tarehe 1 Agosti 1885. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 iliisogeza tarehe ya kipimo hadi siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Kwa zaidi ya miaka 20, kwa hiyo, swali la nani alikuwa wapi katika karne ya 19 lilikuwa swali la haki: ya ardhi, ya kura, ya kuishi bila hofu. Katika hali hiyo jembe la kale lililotoka shambani hugeuka haraka kuwa hati ya kumiliki shamba.

Uchunguzi hauruhusu matumizi hayo. Chungu cha Urewe na mavi ya chuma ya Bishange ni vya watu walioishi zaidi ya miaka elfu moja kabla ya majina ya makabila ya leo kupata maana yaliyo nayo leo. Majembe yalikuwa bidhaa na mahari. Yalivuka ziwa, yaliolewa pamoja na wake, yaliporwa na kufuliwa upya. Jembe lililopatikana Keshero linathibitisha kuwa jembe lilifika Keshero. Aliyelifua huenda alikuwa upande mwingine wa ziwa, na aliyelipoteza alizungumza lugha ambayo kutu haikuihifadhi. Atakayesema vingine atakuwa amesoma katika chuma kile alichokuwa akikitaka kabla ya kukiokota.

Haisemwi kwa hayo kwamba vitu hivyo havina thamani kwa wakazi wa sasa. Thamani yake ni kuonyesha kuwa ardhi hii ilikuwa na mafundi, masoko na njia za biashara muda mrefu kabla ya Götzen kufika Ziwa Kivu mwaka 1894, na kabla ya mpaka uliowekwa kwa mkataba wa 1910. Historia hiyo inatosha kwa wote wanaoishi juu yake, ilimradi asijitokeze mmoja wa kuifungia ndani.

7. Hitimisho

Utambuzi wa chombo cha kale una mpangilio wake. Kwanza usalama, pili mahali na kina kilipotoka, tatu metali, umbo na alama za kazi, nne kulinganisha na vitu vilivyochimbwa kwa utaratibu, tano jina, katika lugha zote za jirani na si katika moja tu. Anayeanza na jina, au na mwenyewe, huharibu mpangilio wote.

Sheria inaungana na utaratibu huo. Sheria ya tarehe 15 Machi 1971 kuhusu ulinzi wa mali za utamaduni, iliyotolewa mwaka mmoja baada ya kuundwa kwa Taasisi ya Makumbusho ya Taifa, inataka uchimbaji upate kibali na uvumbuzi uripotiwe kwa mamlaka. Kutoka Keshero, makumbusho ya Kinshasa yako mbali, na mizani ya vyuma chakavu iko jirani. Ndiyo maana vyuo vya mji huu vina wajibu ambao hauhitaji fedha nyingi: daftari la kuandikia kila kitu kilipotoka, picha yenye rula pembeni, na mwanafunzi anayejua kuwauliza wazee wa lugha mbalimbali kitu hicho waliitaje na kilitumikaje. Chuma kikishapimwa na kuuzwa, kinaweza kuzaa nondo mpya. Hakiwezi tena kutoa ushahidi.